Kugwaya ni kuogopa, kushtuka au kurudi nyuma? Tumebishana kijiweni mpaka kahawa ikapoa

#1 Mkazi_wa_Nkuhungu

Wakuu kwema? Nipo Dodoma hapa, upepo wa leo umenijaza vumbi mpaka masikioni ila sio lililonileta. Nimekuja na neno moja tu, KUGWAYA.

Iko hivi. Kuna jamaa yetu tunakaa nae kijiweni Majengo pale kwa muuza kahawa, fundi aluminiamu, mwili wa kunyanyua milango peke yake, hana historia ya uoga kabisa. Jumapili iliyopita alikuwa anaenda ukweni kwa mara ya kwanza huko upande wa Kongwa, yeye, kaka yake na mshenga. Wamefika wameshuka kwenye pikipiki karibu na zizi, mzee mwenye mji katoka. Mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, kasimama anawatazama kama anahesabu ng'ombe jioni afu akatoa salamu ya Kigogo kwa sauti nzito, "Mbukwenyi!"

Sasa kwa mujibu wa mshenga (ndo kaleta habari, na huyu mshenga habari hazikai tumboni) jamaa badala ya kuitikia akarudi nyuma hatua mbili, mgongo ukagonga pikipiki, pikipiki chini, mfuko wa sukari ukapasuka. Akamnong'oneza kaka yake "leo sio siku nzuri, tuje siku nyingine." Na kweli wakageuza wakarudi mjini.

Jana kijiweni mmoja akasema jamaa KAGWAYA. Mwingine akasema wapi, huyo kashtuka tu, kugwaya ni kuogopa kabla hata hujafika. Wa tatu anasema kugwaya ni kutetemeka na jamaa hakutetemeka, kwahiyo tumuache. Tumekaa toka saa kumi mpaka muuza kahawa kaanza kukusanya vikombe, hakuna aliyekubali kushindwa. Naombeni wenye lugha mtusaidie maana kuna dau la kahawa na kashata za wiki nzima.

#2 Ngoja_Waje

Ngoja waje. Mi nimekuja kwa ajili ya sukari, ilikuwa kilo ngapi?

#3 Mkazi_wa_Nkuhungu

Kilo tano mkuu. Mbuzi wa mzee ndo walifaidi.

#4 Sauti_ya_Pili

Nimesoma haraka nikaona KWAYA, nikajua kuna mazoezi Jumamosi. Haya naendelea kusoma.

#5 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Vijana salaam. Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka nimestaafu, sasa nafuga kuku hapa Mpwapwa, lakini neno likipita bado nageuka kama limeniita jina.

Kinachowachanganya ni kwamba kamusi kazi yake ni kufupisha. Ukiuliza kugwaya unaambiwa kuogopa, unafunga kitabu unaondoka. Lakini kuogopa ni hali, mtu anaweza kuogopa miaka kumi amekaa kwenye kiti na jirani asijue. Mimi naogopa nyoka hata sasa ninavyoandika, na hapa ndani hakuna nyoka. Siwezi kusema muda huu nagwaya nyoka. Kugwaya kunataka kitu kiwe mbele yako, uwe ulishaanza kukikabili au unatakiwa kukikabili, halafu moyo ukurudishe. Kwenye lile neno kuna hofu na kuna kurudi. Ondoa kurudi, unabaki na kuogopa. Ondoa hofu, unabaki na kurudi nyuma, na hata dereva wa lori anarudi nyuma pale stendi wala hakuna anayemcheka.

Kushtuka ni jambo la mwili, linakuja ghafla, halina lawama. Ndiyo maana wahenga wakasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hawakusema hugwaya. Ung'ongo kwa msiojua (na huku kwetu bara wengi hatuujui, tunaukariri tu darasani) ni ule ukuti mwembamba wa kusukia na kufungia vitu. Mtu anauona chini, anaruka kabla hajafikiri, akiangalia vizuri anacheka mwenyewe na safari inaendelea. Kugutuka nalo ni ndugu yake kushtuka, ila mimi sikio langu linalipenda zaidi kwa mtu aliyekuwa usingizini au amezama kwenye mawazo. Na kunywea ni kuishiwa, kama mpira uliotobolewa na mwiba: mtu alikuwa amejaa, sasa hayupo.

Kwa hiyo huyo bwana wenu hatua ya kwanza alishtuka. Hatua ya pili, ile ya kuangusha pikipiki, alikuwa ananywea. Alipofungua mdomo kusema "tuje siku nyingine" ndipo alipogwaya. Mambo matatu ndani ya dakika moja.

#6 Mkazi_wa_Nkuhungu

Shikamoo mwalimu. Sasa umetuua, yaani wote tumepatia? Kahawa analipa nani?

#7 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Marahaba. Aliyesema kutetemeka alipe yeye.

#8 Kijana_wa_Bahi

Shikamoo mwalimu, mimi nina swali la punda na naomba msicheke.

Nipo Bahi, nina punda wawili wa kuchotea maji, kila mmoja madumu manne ya lita 20. Njia yetu inakatiza korongo, kiangazi hiki ni mchanga mtupu wanapita hata ukiwafumba macho. Sasa juzi kulikuwa na kiroba kimenasa kwenye mzizi pale chini, upepo unakipandisha unakishusha unakipandisha. Punda wa mbele akafika ukingoni akasimama. Kwanza masikio yote mawili yakaelekea kile kiroba, akapuliza pua, afu masikio yakalala nyuma, nikaona uzito wote unahamia miguu ya nyuma, madumu yakagongana, akaanza kurudi kinyumenyume hatua ndogondogo bila kugeuka na macho hayabanduki kwenye kiroba. Yule wa nyuma hata hakukiona hicho kiroba, ila alivyoona mwenzie anarudi na yeye akaanza kurudi.

Wa mbele naona kagwaya kwa maelezo yako. Huyu wa nyuma je? Kagwaya nini?

#9 Dereva_Bajaji_AreaC

Punda hagwayi bana, punda anagoma. Tumekua nao hapa, usitupotoshe.

#10 Kijana_wa_Bahi

Kaka kugoma nakujua. Punda akigoma hasogei mbele wala nyuma, kichwa kashusha, unaweza hata kumuegemea ukapiga simu. Mgomo ni mambo ya mzigo au kachoka nawe tu. Huyu alikuwa ananirudia mimi, kidogo anikanyage. Mwishowe kapita vizuri lakini mpaka leo akifika pale anapunguza mwendo anaangalia ule mzizi.

#11 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Huyo wa mbele ndiye mfano mzuri kuliko niliowahi kuandika ubaoni. Wa nyuma kagwaya kugwaya kwa mwenzie, na binadamu tunafanya hivyo kila siku.

#12 Nesi_Mtaratibu

Naomba nichangie kidogo nipo mapumziko ya chai. Nafanya kazi kliniki ya watoto, nisitaje wapi. Mtoto wa wiki 6 anayekuja chanjo hagwayi sindano, hana taarifa zozote, anakuchekea mpaka unajisikia vibaya, atalia baada ya kuchomwa. Yule wa miezi 18 anayekuja dozi ya pili ya surua rubella, huyo ndo balaa, akiona koti tu mlangoni anajikunja kwa mama yake mguu anaupandisha juu, anaficha paja kabisa. Hajachomwa bado, hajaguswa. Kakumbuka. Kwahiyo mi naona ili ugwaye lazima uwe unajua kitu kitakufanya nini, au udhani unajua.

Na msichanganye na ile ya kushika sufuria ya moto ukarudisha mkono. Ile amri inatoka kwenye uti wa mgongo, mkono unakuwa umesharudi ndo ubongo unapata habari kwamba umeungua. Hapo hakuna muda wa kugwaya. Kugwaya ninakoona mimi kazini ni kwa wababa. Mtu na ndevu zake ananyoosha mkono vizuri, nikitoa tu kifuniko cha sindano ule mkono unarudi taratiiibu kama mlango usio na komeo, huku anakuuliza "hivi hakuna vidonge?"

#13 Dereva_Bajaji_AreaC

Hivi kweli hakuna vidonge?

#14 Nesi_Mtaratibu

Nyoosha mkono kaka.

#15 Mzee_wa_Jamhuri

Mmesahau magazeti ya michezo, ndo wanaolitunza hili neno bila wao labda lingeshakufa. Timu fulani YAIGWAYA timu fulani. Nauliza sasa, wanaandika hivyo siku tatu kabla ya mechi, watu hawajafika hata uwanjani, bado wapo kambini wanakula wali, hapo wamerudi nyuma kutoka wapi? Nadharia ya mwalimu inavuja.

#16 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Haivuji. Ratiba ikishatoka mpinzani yupo mbele yako tayari, hata kama yupo Dar na wewe upo Dodoma. Angalia gazeti linaandika lini: pale timu inapoanza kusema wachezaji watatu wana mafua, uwanja mbovu, wanaomba mechi isogezwe. Huko ndiko kurudi nyuma. Timu ambayo haipo hata kwenye ligi hiyo haiwezi kuigwaya Simba, inaweza kuiogopa tu.

#17 Ngoja_Waje

Kwahiyo suruali yangu toka nimepungua inagwaya kiunoni?

#18 Sauti_ya_Pili

INAPWAYA wewe. Ila kwa hali ya uchumi nayo inaweza kugwaya.

#19 Binti_UDOM

Naomba kuuliza kitaaluma kidogo, mtu akisababisha mwingine agwaye tunasemaje? Gwaisha? Gwaza? Kuna mtu kanambia gwaza ndo sahihi.

#20 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Irabu ya mzizi ni a, hivyo inafuata i: gwayisha, kama pwaya pwayisha. Gwaza sijalisikia kwa mtu anayeongea akiwa na njaa, na hapo ndipo lugha inapojulikana. Kusema kweli hata gwayisha watu hawalitumii sana, wanasema kamtisha, kamnywesha. Hilo kamnywesha ukilitumia angalia usije ukaeleweka umempa mtu uji.

#21 Mama_Kondoa

Hilo la kugutuka mwalimu kalipatia. Sisi wa huku kati tupo kwenye Bonde la Ufa, matetemeko madogo madogo tumeyazoea, usiku wa manane kitanda kinasukwa, vyombo kabatini vinaongea vyenyewe. Unagutuka, unakaa kitandani, hujui umeota au ni kweli, mpaka usikie jirani nae anakohoa ndo unajua sio ndoto. Hakuna anayegwaya hapo, utagwaya ardhi uende wapi?

#22 Dereva_Bajaji_AreaC

Mama 🤣🤣 ardhi ikikutisha hakuna pa kurudi nyuma.

#23 BAKITA_wa_Mtaani

Kuna aliyeuliza BAKITA wanasemaje? Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu 1967, na Kamusi Kuu wametoa 2015, kazipitieni. Wote mnaandika humu na hakuna aliyefungua.

#24 Mkazi_wa_Nkuhungu

Kijiweni kuna kamusi ya kijani ya zamani imeliwa na panya kuanzia F mpaka H. Ndo maana nimekuja huku.

#25 Fundi_Milango

Nimetumiwa linki ya huu uzi na watu wanne tofauti, wa mwisho dada yangu yupo Mwanza. Haya. Mimi ndo huyo jamaa.

Kwanza mshenga kawaambia nusu. Nyuma ya mzee kulikuwa na mbwa wawili, mmoja mweupe mmoja madoa, mshenga hakuwaona kwa sababu alikuwa ameinama anafungua kamba za mzigo. Wale mbwa hawakubweka. Mbwa anayebweka nampita kila siku kwenye kazi zangu, napima madirisha kwenye mageti ya watu hapa Kisasa sijawahi kurudi. Hawa walinyanyua midomo ya juu tu, kimya, yule wa madoa akaanza kuzunguka kushoto taratibu. Niambieni nyie wenye nadharia, hapo ungefanyaje? Nimerudi hatua mbili kwa akili timamu. Pikipiki mshenga aliiegesha vibaya kwenye mteremko, mngemuuliza.

Kwahiyo sijagwaya. Nimejihami.

#26 Mzee_wa_Jamhuri

Hapa sasa ndo utamu. Kama hofu ni ya maana na kurudi ni kwa akili, bado tunaita kugwaya?

#27 Mwalimu_wa_Mpwapwa

Swali zuri sana hilo, na nimetembea nalo mpaka kwenye banda la kuku nikarudi nalo.

Neno lenyewe linanuka lawama kidogo. Mtu hasemi "niligwaya" kwa kujisifu, mara nyingi anasemwa na wengine, kama alivyosemwa fundi. Ukijisemea mwenyewe utasema nilisita, niliahirisha, nilijihami, na leo tumeyasoma yote humu. Kusita ni jirani yake wa karibu, tofauti anayesita bado mguu mmoja uko mbele. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka Waebrania sura ya 10 pale mwishoni, wale wanaorudi nyuma wafasiri wetu waliwaita wenye kusitasita, hawakuwaita wagwayao, na mimi nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Naona walimuachia msomaji mlango.

Upande wa pili wahenga wametuambia kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwa maana hiyo fundi nyumbani kwao kulikuwa na kicheko, miguu yote miwili ipo. Siwezi kumlaumu mtu aliyewapisha mbwa wawili walionyamaza. Ila bado ninalo swali moja. Mbwa walikuwa wanakuzuia kuitikia?

#28 Mama_Kondoa

Mwalimu umeniwahi. Mwanangu fundi, mbwa wa mji wowote huku wanamtazama mwenye mji. Mzee katoa salamu, anasubiri. Ungeitikia tu hata kwa sauti ya kukauka mzee angewafukuza kwa fimbo ile ile, wangeenda kulala kivulini. Umekaa kimya, mbwa nao wakaona baba yao kasimama na mtu asiyeitikia. Wewe hukugwaya mbwa mwanangu. Uligwaya salamu.

#29 Ngoja_Waje

Weeee 😳

#30 Sauti_ya_Pili

Kawa mdogo kama piritoni huko aliko.

#31 Fundi_Milango

Shikamoo mama.

Sina la kuficha basi. Ile salamu nilifanyia mazoezi wiki nzima, mchumba wangu kanifundisha kwenye simu, naitikia nikiwa nakata aluminiamu, naitikia nikiwa naoga. Mimi ni mtu wa Tanga, Kigogo changu kinaishia kwenye salamu na kununua nyama mnadani Msalato. Nilichoogopa ni kuikosea mbele yake, mzee aone binti yake anaolewa na mtu asiyejua hata kuitikia. Mzee alivyosema Mbukwenyi kichwani kulikuwa kweupe, kama ubao umefutwa. Mbwa nimewaona baada ya hapo. Nimewashukuru hata.

#32 Mkazi_wa_Nkuhungu

Kaka samahani kukuleta huku, nilidhani tutacheka tu.

#33 Binti_UDOM

Hapo mimi nimelielewa neno kuliko lecha zote. Na huyo mzee hakusema chochote mlipogeuza?

#34 Fundi_Milango

Alimpigia mchumba wangu jioni kumuuliza kama yule kijana alikuwa anaumwa, na kama nataka kiroba cha kuwekea sukari iliyobaki.

#35 Kijana_wa_Bahi

Hilo neno kiroba limenigusa. Kaka ngoja nikwambie nilivyofanya na punda maana niliacha nusu. Sikumpiga, ukimpiga anajua kumbe kweli kile kitu ni kibaya. Nilishuka korongoni mwenyewe, nikakikanyaga kiroba, nikasimama pale pale nikawa naongea nao mambo ya kawaida tu, mvua, bei ya mashudu. Wa nyuma ndo alitangulia kushuka. Wa mbele akamfuata, kiroba nikakitoa wakiwa wameshapita.

#36 Dereva_Bajaji_AreaC

Yaani unamlinganisha mkwe wa watu na punda.

#37 Fundi_Milango

Acha, nimeelewa. Jumapili naenda. Kaka yangu atatangulia yeye kuitikia, mimi nitamfuatisha.

#38 Mshenga_Mwenyewe

Nipo, nimesoma yote, na pikipiki niliiegesha vizuri. Jumapili nabeba sukari mimi, mgongoni.

#39 Nesi_Mtaratibu

Na mkiumwa na mbwa mje kabla ya jioni, hiyo sindano hakuna kugwaya.

#40 Mkazi_wa_Nkuhungu

Wakuu, aliyesema kutetemeka amekataa kulipa, anasema fundi lazima alitetemeka kwa ndani. Mwalimu?